Muulize Mzee wa Matenga: Parachichi lilitoka Kiwira gumu kama jiwe

Mwezi huu barua karibu zote ni za mzigo ulioharibika njiani. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilianza ukuli stendi ya Tukuyu, nikapanda nikawa mfungaji, yaani yule anayefunga mizigo ya wenzake, kisha nikashuka na matunda hadi Dar miaka mingi. Jina la Matenga nilipewa na wapokea mizigo wa soko la Mabibo, Dar, na hawakunipa kwa kunisifia. Siku hizi nafunga kwa mdomo tu, mgongo umekataa.

Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kiwira, Rungwe. Nina miti 46 ya parachichi aina ya Hass. Mwezi wa tano nilivuna, nikaongeza na ya jirani, tukapata salfeti 14. Tulipakia kwenye Fuso kwenda Mabibo. Yalikuwa magumu kama jiwe, nilishika mwenyewe. Siku ya tatu dalali akapiga simu kwamba salfeti za chini zimebonyea na za juu matunda yana madoa meusi. Akanilipa salfeti tisa. Je, ananiibia? Nikinunua maboksi nitapata faida, au nitakuwa namtajirisha muuza maboksi? Jirani anasema nitandike majani ya mgomba tu, inatosha.
Mama wa Kiwira

Marahaba binti yangu. Ndaga kwa barua yenye hesabu, maana wengi huniandikia "mzigo mwingi umeoza" basi, nami nabaki kupiga ramli.

Tuanze na dalali, kwa sababu najua ndiye anayekunyima usingizi. Madoa meusi kwenye ngozi anaweza kuyaona siku ileile gari linapofika, hapo sina ugomvi naye. Lakini kubonyea, akimaanisha kulainika? Hass iliyochumwa ngumu kwa kawaida haiwi laini kwa siku tatu, hata kwa joto la Dar. Kwa hiyo ama kakupiga, ama sehemu ya mzigo ilishaanza kuiva kabla gari halijawashwa. Ya kwako umeniambia mwezi, ya jirani hukuniambia kabisa. Muulize alichuma siku gani, na yalikaa wapi mkisubiri Fuso ijae. Nina wasiwasi yalilala ndani siku nne tano, yamefunikwa turubai, yakijipasha moto yenyewe. Parachichi haliivi mtini, huanza safari ya kuiva likishakatwa. Na lile linalotangulia hutoa gesi iitwayo ethilini ambayo huwaamsha wenzake wote gunia zima. Tunda lililogongwa huitoa mapema zaidi. Ukichanganya mavuno ya siku mbili tofauti kwenye chombo kimoja, umewapa matunda yako saa mbili zinazogombana.

Halafu huo ugumu wa jiwe usikuhadae. Parachichi gumu likianguka kutoka usawa wa kiuno halionyeshi kitu. Linakaa kimya, linaiva, mteja wa Sinza analipasua mezani anakuta doa la kijivu ndani, na tangu hapo hanunui tena "ya Mbeya". Kwa hiyo anza mtini: kata kwa mkasi na uache kipande kifupi cha kikonyo, kama nusu sentimita hivi. Ukikinyofoa, pale panabaki kidonda na uozo unaingilia hapohapo. Weka kwenye mfuko wa kuvulia au ndoo iliyotandikwa kitambaa, usirushe. Na usichume yakiwa yamelowa. Najua Rungwe kusubiri jua mwezi wa tano ni kama kusubiri mgeni asiyeaga, lakini ngozi ya tunda lililojaa maji ya mvua huumia kwa kusuguliwa kidogo tu, na yale madoa meusi uliyoambiwa ndiyo hayo. Anza saa nne, umande ukiwa umekauka, na uyaweke kivulini.

Sasa salfeti. Nikueleze kilichonifanya niichukie. Mwaka mmoja pale Mabibo nilifungua salfeti yangu mwenyewe kwa kuichana pembeni, badala ya kuifungulia mdomoni kama kawaida. Nikaona tabaka la chini. Kila tunda lilikuwa na uso bapa upande mmoja, na juu ya huo ubapa nyuzi za salfeti zimejichora mistari, kama shavu la mtu aliyelala usingizi mzito juu ya mkeka. Nikayashika, bado magumu. Nikasema labda hayana neno. Siku nne baadaye kila penye ubapa palikuwa peusi.

Salfeti haina mifupa, binti yangu. Ukiweka salfeti juu ya salfeti, mzigo wa juu haubebwi na mfuko, unabebwa na parachichi la chini. Ndiyo tofauti yote kati ya mfuko na kreti. Chombo kizuri kinabeba uzito chenyewe, tunda linasafiri kama abiria. Siku ukienda kununua chombo, usiulize kwanza bei. Kigeuze, usimame juu yake kwa miguu miwili. Kikikubeba wewe, kitabeba na mwenzake.

Hiyo ni ya kubanwa. Kuna na ya kucheza, na hapa ndipo watu wengi huikosea. Wanadhani salfeti ya juu kabisa ndiyo salama kwa kuwa haijalaliwa na kitu. Kumbe ya juu ndiyo inayorushwa kuliko zote, na ya nyuma ya gari zaidi ya ya mbele. Kutoka kwenu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Hesabu matuta ya vijiji vyote toka Uyole hadi Makambako, teremka Kitonga, pita matuta ya hifadhi ya Mikumi, na kila mara tunda la juu linaruka kidogo, linatua, linajisugua na jirani yake. Ngozi inachubuka. Kwa hiyo dalali aliposema chini yamebonyea na juu yana madoa, maneno yake yana mantiki ya barabara, hata kama hesabu yake ya salfeti tano inanitia mashaka.

Dawa ya kubanwa ni chombo chenye mifupa. Dawa ya kucheza ni kukijaza sawasawa, na hilo halina gharama. Nakupa kipimo changu. Jaza, funika, kinyanyue hadi sikioni kama unasikiliza redio, ukitikise taratibu. Ukisikia ko-ko-ko, kuna nafasi, matunda yatasafiri yakicheza ngoma. Kisha weka kiganja juu ya mfuniko ubonyeze. Ukihisi tunda linakusukuma, umejaza kupita kiasi, na mwenzake akipanda juu tunda litakuwa nguzo. Unataka kimya pande zote mbili.

Majani ya mgomba ya jirani: mabichi hapana. Yanatoa maji, yanachemka usiku, na ukungu unapenda mahali kama hapo. Makavu kabisa yanasaidia kidogo kama tandiko, ila yakung'ute vizuri, maana mara mbili nimewahi kupeleka buibui Dar bila nauli. Mimi nilikuwa napendelea randa, yaani zile takataka nyembamba zinazotoka fundi akilainisha mbao. Mafinga zinamwagwa nje ya viwanda vya mbao, huko ni karibu na msitu wa Sao Hill, mbao ndiyo maisha yao. Huko kwenu muulize fundi seremala yeyote. Usizimwage ovyo kwenye boksi, vumbi lake linanasa kwenye tunda. Zifunge kwenye karatasi ya kaki, tengeneza vijimto vyembamba, kimoja chini, kimoja juu. Na uzichukue kwa fundi mwenyewe, si bandani kwa mfuga kuku. Unacheka, lakini nimeshuhudia.

Sasa lipi ununue? Kreti za plastiki zenye matundu ndizo mfalme: zinaoshwa, zinabebana kwa kingo zake, hewa inapita, na moja inabeba kilo 20 hivi, mtu mmoja anainyanyua bila kuidondosha. Usidharau hilo la kunyanyua. Salfeti ya kilo 90 hakuna kuli anayeishusha, wanaiangusha, nami nilikuwa mmoja wao. Shida ya kreti ni kurudi. Ukimpelekea dalali kreti 60, omba zikurudie hata 50. Ziandike jina kwa chuma cha moto, si kwa rangi, na ukubaliane na dereva nauli ya kuzirudisha kabla hajaondoka Kiwira. Akishafika Dar akapata mzigo wa kurudi nao, kreti tupu hazina rafiki.

Makasha ya mbao ni rahisi kwenu kwa kuwa mbao zipo. Fundi akupigie randa upande wa ndani, misumari isitokeze ncha, na nafasi kati ya ubao na ubao iwe ndogo kuliko kidole gumba, la sivyo tunda linaingia nusu na kukatwa na ukingo.

Maboksi ya karatasi ngumu ni mazuri mno, ila yana adui mmoja, na adui huyo anaishi Tukuyu mwaka mzima. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 nilipeleka mapichi kwenye maboksi, nimeyapanga safu sita kwenda juu, nimejisifu. Gari likakwama siku mbili, turubai likavuja upande mmoja. Nilipofungua, maboksi yale hayakuwa yamechanika hata moja. Yalikuwa yamekaa chini, kimyakimya, kama mzee anayechuchumaa. Nguvu ya boksi iko kwenye kona nne, na kona ikinyonya unyevu inalegea. Kwa hiyo usilaze maboksi chini kwenye sakafu ya saruji, weka mbao kwanza. Panga kona juu ya kona. Ule mtindo wa kupishanisha kama matofali unapendeza macho ila unaweka kona ya boksi la juu katikati ya boksi la chini, pale palipo dhaifu. Ukitoboa matundu ya hewa toboa katikati ya ubavu, mbali na kona, ya mviringo, machache. Na boksi la sabuni liache, parachichi linaonja.

Umewahi kuona maboksi ya parachichi za nje, ya kilo 4? Safu moja tu ya matunda ndani. Wale si wajinga wa nafasi. Wewe kwa soko la Dar huhitaji kufika huko, kreti yenye safu tatu au nne inatosha, lakini ujue wanaolipwa kwa kila tunda wanafungaje.

Faida fanya hivi. Chukua pesa ya zile salfeti tano ulizonyimwa. Hiyo ndiyo uliyolipa safari ile kwa kukosa chombo, iwe dalali kasema kweli au la. Salfeti zako 14 zingejaza kreti kama 60. Ulizia bei ya kreti soko la Mwanjelwa, Mbeya, zidisha mara 60, kisha ugawe kwa ile hasara ya safari moja. Jibu ndilo idadi ya safari za kurudisha mtaji. Likitoka tatu au nne, nunua leo. Likizidi kumi, anza na kreti 20 kwa matunda makubwa yasiyo na doa, mengine yauze hapohapo kwa wachuuzi wa Kiwira. Ila ongezea nauli, kwa sababu kreti inakula nafasi kuliko salfeti, na mwenye Fuso atakukumbusha.

Safari ijayo weka alama kwenye kreti tatu: ya chini, ya kati, ya juu. Mwambie dalali akupigie picha za hizo tatu siku zinapofunguliwa. Dalali mkweli hatakataa.

Kamwene mzee. Nalima nyanya Ilula. Mnunuzi anataka tenga lenye kilemba, yaani nyanya zirundikwe kupita ukingo, bila kilemba hanunui. Nyanya za chini zinageuka juisi. Nifanyeje?
Mkulima, Ilula

Kamwene. Wewe tatizo lako halimo ndani ya tenga, limo kwenye bei. Mnunuzi akilipa kwa tenga badala ya kilo, kila nyanya ya kilemba ni ya bure kwake, na akipoteza za chini bado hajapoteza kitu chake. Ni ndugu yake lumbesa, ule mtindo wa kujaza gunia kupita kipimo, ambayo Wakala wa Vipimo wameipiga vita miaka nenda rudi. Mkijikusanya wakulima kumi mkanunua mzani mmoja, mtazungumza lugha nyingine. Peke yako atakupita aende kwa jirani, najua.

Mpaka hapo, punguza madhara. Vuna zikianza tu kubadilika rangi. Tandika tenga karatasi ya kaki ndani pande zote, na kata ncha za fito zinazochungulia ndani, moja ikichoma nyanya moja, maji yake yanaozesha ishirini. Mfuko wa saruji usitumie hata ukiung'uta mara mia, vumbi lake linachoma. Na kikonyo ondoa! Nimemwambia mama wa Kiwira aache kikonyo kwenye parachichi, wewe nakwambia ondoa, kwa sababu kikonyo cha nyanya ni sindano kwa mwenzake. Kila tunda na mila yake.

Mzee, nafunga kila tunda kwa gazeti. Mteja mmoja wa hoteli kanirudishia akisema ni uchafu. Ni kweli?
Muuza matunda, Iringa mjini

Karatasi kuzunguka tunda ni jambo jema, inazuia kusuguana. Lakini wino wa gazeti unahamia kwenye ngozi tunda likitoa jasho, na hakuna mtu wa hoteli anayetaka pichi lenye matokeo ya mpira. Nunua karatasi nyeupe isiyoandikwa. Gazeti liweke chini kabisa ya boksi, lisiguse tunda. Plastiki ya kuzungushia usijaribu: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata kabla ya hapo ilikuwa inayachemsha matunda kama ndizi za kuvundika.

Na stroberi? Nafikisha nusu ujiuji.
Msichana wa Iringa

Mwanangu, stroberi haihamishwi. Chuma moja kwa moja kwenye kile kikopo chenye matundu kitakachofika kwa mteja, usimimine kutoka ndoo kwenda beseni kwenda kikopo. Kila kumimina ni kofi. Usioshe kabla ya safari. Zisizidi safu mbili. Chuma alfajiri, safirisha kabla jua halijawa kali.

Mzee wa Matenga, unatulaumu madereva kila toleo. Sisi tunapokea mzigo ulioshafungwa vibaya. Njoo uendeshe wewe.
Dereva wa Fuso, Makambako

Nimekusikia, na nusu ya maneno yako ni kweli. Mzigo uliofungwa vibaya hata ukibebwa na malaika utafika umekufa. Gari lenye springi za chuma litarusha, hilo si kosa lako, na gari lililopakiwa nusu hurusha zaidi ya lililojaa.

Lakini kuna mambo manne ambayo hayamhusu mfungaji. Upepo wa tairi: mkijaza kupita kiasi ili kuokoa mafuta, kila jiwe la barabarani linafika kwenye tunda. Kupanga: laini mbele na katikati, viazi nyuma, siyo kinyume kwa sababu viazi vimechelewa kufika. Kamba ya turubai: mnaikaza mpaka inaingia kwenye maboksi ya juu kama kisu kwenye siagi. Wekeni ubao mwembamba kwenye kila kona inapopita kamba, ubao mmoja huokoa boksi mbili. Na turubai lenyewe liache mwanya mbele na nyuma hewa ipite, ila mwanya usiwe wa kuingiza mvua.

Mengine tutajadiliana. Ila lile la kushuka Kitonga saa sita mchana, kuegesha Ruaha Mbuyuni juani, na kwenda kulala gesti mpaka jioni huku parachichi za mama wa watu zinapikwa chini ya turubai jeusi, hapo sikuungi mkono hata unipe lifti.